Majina Niliyowapa Wasichana wa Bonde

Juni 9

Mvua za plamu, zile ndefu za mwanzo wa kiangazi, zimeanza. Tangu asubuhi zinapiga vigae, na mlima ulio mbele ya dirisha langu umepotea.

Daktari wa wilayani alimwita mwanangu Maoting nje ya mlango akamnong'oneza, akidhani ukuta wa mbao unazuia sauti. Nilisikia yote. Mapafu yanajaa maji, moyo umechoka, vuli sitaiona. Haya. Nimewafundisha watoto wa bonde hili kusoma na kuandika tangu nikiwa bi harusi mpaka nilipostaafu. Siwezi kuondoka kama mtu asiyejua kushika kalamu. Naanza leo, nitaacha mkono ukikataa.

Jioni Fengying, mke wa Maoting, aliniosha miguu. "Mama, imevimba kama magimbi."

"Basi menya upike."

Alicheka mpaka akamwaga maji.

Juni 11

Peishan, mke wa mjukuu wangu Kelin, amejifungua hospitali ya wilaya. Msichana.

Kelin alipopiga simu, Fengying alisema kwa sauti tamu, "Si kitu, mwanangu, si kitu, wa kwanza akiwa msichana nyumba hutulia." Akaweka simu, akaenda uani kuchinja kuku wa supu. Alimchinja kwa nguvu kuliko kuku yeyote anavyohitaji.

Juni 12

Mvua.

Juni 14

Wamerudi. Peishan amewekwa chumba kinachopakana na changu, na humo atakaa mpaka mwezi wa uzazi utimie: dirisha limefungwa, kichwa kimefunikwa, maji baridi marufuku, kuku wa divai ya mchele asubuhi na jioni. Kelin amekwisha kurudi mjini, kiwandani kwake.

Mtoto ana uso wa mzee aliyeudhiwa. Nimempenda papo hapo.

Wakati wa chakula Fengying alisema amepata jina. Yindi. Maana yake ni wazi hata kwa asiyesoma: mwongoze mdogo wako wa kiume aje. Maoting akaafiki. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kitabu cha ukoo wa Xiang, kinachoandikwa upya kila kizazi, na safari hii wazee wameamua, kwa ukarimu wao mkubwa, kwamba wasichana nao watatiwa kitabuni. Kwa maandishi madogo. Bila ile herufi inayotambulisha kizazi cha mtu, ambayo ni ya wavulana peke yao. Majina yatasomwa kwenye ukumbi wa ukoo mwezi ujao.

"Mama ndiye msomi," alisema Maoting. "Azitazame herufi kama zinafaa."

Nikasema nitazitazama.

Juni 15

Niandike sasa jambo ambalo hajui mtu.

Bonde zima lilikuwa likiniletea watoto niwape majina. Mimi binafsi nilikuwa na bahati. Baba yangu, mganga wa mitishamba, aliniita Bao Jingzhi, mtulivu anayejua, akanipeleka shule bila kumwomba mtu radhi. Nilipoolewa huku niliwakuta wasichana wanaitwa Zhaodi, Laidi, Pandi: mwite mdogo wako, mlete mdogo wako, mtumaini mdogo wako. Kila asubuhi nikiita mahudhurio darasani nilijiona kama mtu aliyesimama mlangoni akiwaita wavulana ambao hawajazaliwa, na wasichana ndio wanaoitika, "Nipo."

Akina baba walikuja na kipande cha nyama ya kukausha au mayai kwenye kofia. "Mwalimu Bao, tupe jina la kuvuta mvulana." Nami nilifungua kamusi kubwa, nikakunja uso, nikatafuta herufi nzuri kuliko zote: yeshi, lile jiwe la thamani la kijani lisilopasuka, ndege anayepaa juu, kilele, nia ya mbali. Halafu nikadanganya. Nilimwambia huyu kwamba katika vitabu vya kale herufi hii ndiyo waliyoiandika watu wa jumba la kifalme wakisubiri mwana. Nikamwambia yule kwamba hii ni kiti kinachotangulizwa kabla mgeni wa kiume hajafika. Hakuna kitabu chochote kinachosema hivyo. Niliyatunga palepale, wino ukiwa bado mbichi.

Baba akaondoka anatabasamu, na msichana akaondoka na jina la mtu.

Nimefanya hivyo miaka na miaka. Sijutii. Nikifika huko niendako wakaniuliza, nitasimama, kama huko miguu itakuwa imenywea, niwaambie ningefanya tena.

Na kesho kutwa nafanya tena.

Juni 17

Nimefanya.

Nilivaa koti langu la bluu, nikaomba kamusi iletwe mezani. Nikamwambia Fengying kwamba Yindi ni jina zuri lakini limepitwa na wakati, mbingu zimelisikia mno, hazigeuki tena. Yeye akakaza macho. Nikaandika kwa brashi: Lingyue. Apitaye juu ya mlima mkuu. Nikamweleza kwamba watu wa kale waliamini mlima ukivukwa na dada, mdogo wake wa kiume huona njia.

"Kumbe!" alisema Fengying. "Mama, wewe ni hazina. Lingyue! Maoting, umesikia? Mlima ukivukwa!"

Maoting aliinama kuitazama herufi kama mtu anayetazama nyama sokoni. "Lina uzito," alisema. "Litapita."

Kwenye chumba cha pili mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Ukuta wa mbao hauzuii sauti, Peishan alisikia yote.

Juni 18

Mvua. Ukungu umeota kwenye viatu, kwenye mkanda wa saa, kwenye jalada la kamusi. Nimelala siku nzima na furaha ya mwizi.

Juni 19

Fengying alipokwenda sokoni, Peishan alikuja chumbani kwangu, kichwa kimefungwa kitambaa, mtoto mkononi. Yeye ni muuguzi wa meno, ana ile sauti ya upole ya watu waliozoea kusema "fungua mdomo, haitauma".

"Bibi, nina swali. Yale ya mlima na mdogo wa kiume, umeyatoa wapi?"

"Kwenye vitabu vya kale."

"Kipi?"

Nikamwashiria asogee. Kisha nikaona raha, maana hatimaye kulikuwa na mtu wa kumwambia. Nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, nikingoja acheke.

Hakucheka. Alimlaza mtoto miguuni pangu, akakaa.

"Mama yangu alikuwa akiitwa Tong Zhuoyun. Wa kijiji cha juu. Unamkumbuka?"

Sikumkumbuka. Majina ni mengi. Lakini herufi nilizikumbuka, kwa sababu nilizipenda: asimamaye juu kuliko mawingu.

"Ulimwambia babu yangu kwamba Zhuo ni kiti cha mgeni wa kiume," alisema Peishan. "Mgeni hakuja. Walizaliwa wasichana tu. Mama alitolewa shule aoshe nepi zao, na kila Mwaka Mpya alipiga magoti mbele ya baba yake kumwomba radhi, kwa sababu jina lake halikufanya kazi. Bibi, mpaka ananizaa mimi alikuwa bado anaamini ana kasoro."

"Lakini maana yake ya kweli..."

"Naijua. Niliitafuta kwenye kamusi nikiwa darasa la tano. Nikakimbia nyumbani kumwonyesha. Unajua alinijibu nini? 'Hiyo kamusi ni ya watu wa mjini. Hili jina alilitoa Mwalimu Bao mwenyewe.' Amekufa hivyo. Hakuniamini."

Nikanyoosha mkono nimguse mtoto.

Alimchukua mtoto. "Ulimpa dhahabu, Bibi, ukamwambia ni deni. Sasa unataka kumpa na mwanangu."

Juni 20

Sikula.

Juni 21

Fengying anadhani ni moyo. Kaniletea uji, kanifuta mdomo, kanitukana kwa mapenzi: "Kizee kaidi, unataka watu waseme nimekuua kwa njaa?"

Natafuta mahali pa kujitetea. Nikasema: angalau nilipigana. Kisha nikajiuliza nilipigana na nani. Wale akina baba waliondoka wakiwa na furaha. Hakuna aliyenikasirikia hata siku moja. Nilikula nyama yao. Vita gani hivyo, ambavyo adui hana habari na anayeumia ni mtoto niliyedai kumtetea?

Juni 23

Nimemwita Peishan. Nikamwambia: jina hili tutalichagua waziwazi, maana yake itasemwa mezani kwa kila mtu, na atakayekasirika akasirike akijua anakasirikia nini. Akafikiri. Akakubali.

Nikafungua kamusi, nikaanza kumwonyesha hazina zangu. Yeshi. Okidi. Elimu. Alfajiri.

"Hapana, Bibi. Nimekwisha kupata. Ye."

"Ipi?"

Akaiandika kwa kidole kwenye vumbi la ukungu juu ya jalada. Ye, ile ya nyika, ya mahali nje ya mji ambako hakuna ukuta. Ya wanyama wasiofugwa.

Nakiri kwamba nilishtuka kama mama wa ukoo yeyote. "Peishan, hiyo ni herufi ya nguruwe mwitu."

"Na ya mboga mwitu. Mama alikuwa akizichuma kila majira ya machipuko, huko juu, peke yake, na ndizo siku pekee nilizokuwa namsikia akiimba. Hazikupandwa na mtu, hakuna anayezidai."

"Watu watamcheka. 'Msichana mwitu.' Watamwimbia shuleni."

"Wamwimbie. Hata Yindi wangeimbiwa. Tofauti ni kwamba huyu wangu akiuliza, nitamjibu bila kutazama chini."

Nimelizungusha jina mdomoni mpaka jioni. Xiang Ye. Ni fupi, halina adabu. Nimelizoea kabla ya uji.

Juni 24

Mezani palilipuka.

Kwanza nilisema ukweli kuhusu Lingyue: ule mlima nilitunga. Maoting aliweka vijiti chini polepole. Fengying alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Mama! Nimekwisha kuwaambia majirani!"

Kisha Peishan akasema jina.

"Mwitu?" alipiga kelele Fengying. "Utamwita mjukuu wangu mwitu? Kwa nini usimwite Nguruwe kabisa, tumfungie zizini?"

"Mama, zizini hukaa wa kufugwa," alisema Peishan.

Maoting alisema kamati haitakubali, jina la namna hiyo halitiwi kwenye kitabu cha ukoo, na yeye mwenyekiti ataonekana mjinga. Ama Yindi, ama hata Lingyue, ama mtoto abaki nje ya kitabu. Wakampigia Kelin. Uso wake ulitokea kwenye simu, nyuma yake mashine zinanguruma. "Mimi nafuata mtakavyoamua," alisema.

"Ndiyo kazi yake, kufuata," alisema Peishan, akazima simu.

Juni 25

Mvua. Hakuna anayesemeshana isipokuwa mtoto, anayewafokea wote sawasawa.

Juni 27

Leo nataka kuandika vizuri.

Daftari la kaya, ambalo bila hilo mtoto hasajiliwi, hukaa kabatini kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Asubuhi nilimsikia Maoting akimwambia Fengying kwamba Jumatatu atakwenda mwenyewe kituo cha polisi kumsajili mtoto, na atamsajili Yindi. Peishan naye alisikia. Alikuja, akasimama mlangoni, hakuomba. Nikanyoosha mkono kabatini, nikampa.

Mzazi hatoki nje kabla mwezi haujatimia. Huku kwetu hata nyumba ikiungua wangemshauri abaki ndani. Peishan alivaa makoti mawili, akamfunga mtoto kifuani, akatoka kwenye mvua hadi kwenye gari dogo ambalo Kelin huliacha nyumbani.

Fengying aliruka kutoka jikoni, unga mikononi. "Unakwenda wapi? Baridi itaingia kwenye mifupa! Utaumwa kichwa mpaka uzeeni! Peishan!" Gari likawaka. Fengying akapiga kioo, akapiga, kisha nikamwona anafungua mlango na kujitupa ndani na shali langu la sufi. "Kama umeamua kujiua, basi ufe umefunika kichwa!" Wakaondoka hivyo, wanagombana.

Walirudi mchana. Peishan alinihadithia polepole, Fengying akiwa jikoni anagonga masufuria. Polisi kijana aliiangalia karatasi, akatabasamu, akasema, "Ye? Ile ya mwitu? Mna hakika, shangazi?" Peishan alikuwa anafungua mdomo. Fengying akamtangulia: "Umeulizwa? Kazi yako ni kuandika au kuchagua? Andika!"

Akaandika.

Nimemwita Fengying, nikamuuliza kwa nini. Alikuwa na hasira bado. "Yeye nani wa kumcheka mjukuu wangu? Kumcheka ni haki yangu mimi!" Kisha akaketi kitandani, akasema kwa sauti ndogo kwamba mle ndani ya gari, Peishan alipokuwa akiendesha, yeye alimpakata mtoto, naye akamshika kidole na hakumwachia njia nzima.

Nimeishi naye nyumba moja miaka yote hii nikimwona mpiga kelele tu.

Juni 29

Maoting hanisalimu. Miguu imevimba hadi magotini.

Julai 2

Mvua, mvua, mvua. Nalala nimekaa, nikijilaza pumzi haitoshi.

Julai 5

Ukumbini.

Kelin alikuja kutoka mjini, wakanibeba na kiti, yeye na Maoting. Maoting alinibeba kwa sababu ni mama yake, si kwa sababu anakubali, na nilihakikisha anajua kwamba nimeona tofauti hiyo. Mvua ilikuwa ikianguka kwenye uwazi wa paa kama pazia. Wanaume mbele, wanawake kwenye mabenchi ya nyuma na watoto. Nikaomba niwekwe mbele.

Majina yakasomwa. Lilipofika la kwetu, Mzee Boqi, mkubwa wa ukoo, alinyanyua mkono. "Mwalimu Bao, wewe uliyetupa majina mazuri bonde zima, leo unatuletea hili? Umesoma mpaka umepitiliza?"

Watu wakacheka. Nikangoja pumzi.

"Mzee Boqi," nilisema, "binti yako mkubwa ulimleta kwangu kwenye theluji. Ukataka jina la kuvuta mvulana. Nikakupa Yuanzhi, nikakuambia maana yake ni kwamba mdogo wake yuko njiani. Nilikudanganya. Maana yake ni nia inayofika mbali. Haihusu mdogo wala mkubwa, inamhusu yeye."

"Lakini nilipata wavulana wawili!"

"Basi mshukuru mkeo. Mimi sikuhusika."

Mabenchi ya nyuma yalicheka kwanza. Kisha yakanyamaza kwa namna nyingine, kwa sababu nilikuwa nimegeuza shingo na sasa nasema nao. Nikawaambia kwamba karibu kila mmoja wao niliyempa jina aliambiwa uongo na mdomo huu. Kwamba hakuna jina langu hata moja linalomwita mvulana. Kwamba waliolaumiwa kwa kuwa mvulana hakuja, hawakushindwa kitu, hawakupewa kazi hiyo. Nikamtaja Tong Zhuoyun kwa sauti yote iliyobaki, asimamaye juu kuliko mawingu, nikasema nimechelewa kumwambia, na kuchelewa huko ni kwangu.

"Na huyu mtoto," nikasema, "ni Ye, na maana yake ndiyo hiyohiyo mnayoidhania. Hakuna kilichofichwa. Mkimwandika, mwandikeni hivyo. Msipomwandika, nifuteni na mimi, nikae naye huko nje. Hakuna ukuta huko, hewa itanifaa."

Walipiga kura. Hawakumwandika.

Tulirudi nyumbani kwenye mvua, na Fengying njia nzima alikuwa akiwataja wanakamati mmoja mmoja, pamoja na mama zao.

Julai 6

Nimeshindwa kukaa. Maoting aliketi pembeni ya kitanda. Akasema, "Mama, ungeniambia kwanza."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia," alikiri.

Akanipangusa uso kwa kitambaa. Alinipangusa vibaya, kama anavyopangusa meza.

Julai 7

Alikuja mwanamke na mwavuli uliovunjika, mwenye mvi, simkumbuki. Akatoa kitambulisho chake kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka kwenye blanketi. "Mwalimu. Langu je?"

Nikalisoma. Nikamwambia. Akalirudia kimoyomoyo, akaondoka bila kuaga, akiwa anatembea haraka.

Julai 8

Leo wengi. Wengine wametoka kijiji cha juu kwa pikipiki kwenye tope. Mmoja alinitukana, akasema nimemharibia ndoa yake ya kwanza kwa uongo wangu, nami nikamsikiliza hadi mwisho, kwa sababu ana haki. Kisha akauliza maana, nikampa. Mwingine alipiga simu kwa dada zake huko mjini, akawasomea herufi moja moja, akilia na kucheka. Mzee Boqi hakuja, ila bintiye Yuanzhi alikuja, mnene, na maji ya machungwa kwenye vidole. Aliketi tu.

Maoting amesimama mlangoni tangu asubuhi. "Zamu! Zamu! Vueni viatu, mama yangu ni mgonjwa!"

Julai 9

Sauti imekwisha. Peishan anakaa kando yangu, ninaandika, yeye anawasomea.

Julai 11

Mwezi umetimia. Mayai yamepakwa rangi nyekundu, na Fengying ameyapeleka nyumba kwa nyumba, hata kwa wanakamati. Nimemsikia mtaa mzima: "La mjukuu wangu hilo. Anaitwa Ye. Unalo la kusema? Huna? Basi kula yai."

Peishan amenawa nywele. Nyumba nzima inanuka sabuni.

Julai 12

Jioni, wote walipokwisha kuondoka, aliingia Laidi, muuza tofu. Alisimama na ndoo yake. Yeye sikumpa jina mimi, alikuja darasani kwangu nalo: mlete mdogo wako.

"Langu linasema linavyosema, sivyo, Mwalimu?"

Nikaitikia kwa kichwa: ndivyo.

"Wameniambia polisi wanabadilisha, hata kwa mtu wa umri huu. Nipe jingine."

Niliandika: Chagua mwenyewe. Peishan akamsomea. Nikamsogezea kamusi.

Laidi alifuta mikono kwenye aproni, upande huu, upande ule. Akaifungua katikati. Akakaa nayo mapajani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu, anapitisha kidole juu ya herufi, anaruka, anarudi, anasimama kwenye moja, anasoma kwa midomo, anatikisa kichwa, anaendelea. Giza likaingia. Peishan akawasha taa. Ndoo ikavuja sakafuni, hakuna aliyejali.

"Ni nyingi, Mwalimu," alisema mwishowe. "Siwezi kuharakisha jambo kama hili. Nirudi kesho?"

Nikaandika: Njoo asubuhi na mapema. Nitakuwepo.